Nilimkatisha tamaa binti yangu

Nakiri hadharani: aliyemkatisha tamaa binti yangu si mwalimu wala marafiki wabaya. Ni mimi baba yake, tena kila jioni wakati wa kula.

Nyumbani kwetu Morogoro chakula cha usiku kiliendana na taarifa ya habari ya saa mbili. Zikitangazwa nafasi za kazi, nilisema zina wenyewe. Akihojiwa kijana aliyefungua karakana, nilisema ngoja, wakubwa watamnyang'anya. Nilidhani nawafumbua macho wanangu. Kumbe nilikuwa nawalisha uchungu wa maombi yangu ya kazi yaliyokataliwa.

Binti alikuwa darasa la saba, mtihani wa Septemba ukikaribia. Mama yake akamhimiza afungue daftari la hisabati. Akajibu taratibu, bila ukaidi: "Mama, nisome ili iweje? Baba anasema bila kujuana hupati kitu." Maneno yalikuwa yangu, hata ile namna ya kubetua midomo ilikuwa yangu. Nilishindwa kumeza tonge.

Mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, aliandika kitabu kuhusu matumaini mwaka 1994. Kwake, mwenye matumaini ana lengo, anaona njia za kulifikia, na anaamini ataziweza. Njia moja ikizibwa, hutafuta nyingine. Mimi nilikuwa namhesabia mwanangu njia zilizozibwa tu.

Nilimwomba radhi mbele ya wadogo zake. Siku hizi tukila, televisheni tunaizima. Kila mtu anataja jambo lililomshinda na atakavyolijaribu kesho, mimi nikiwemo. Tulipanda pia mchicha kwenye ndoo kuukuu, kwa sababu mchicha hauchukui hata mwezi kuchumwa, na mtoto anahitaji kuona kazi yake ikizaa. Miche ya kwanza ilinyauka kwa jua. Bila kuambiwa na mtu, binti akaivuta ndoo kivulini, akasia mbegu upya.

Ajira ni ngumu na upendeleo upo, hilo simfichi. Ila sasa nikilisema, namtajia pia jirani aliyekosa kazi akajifunza ushonaji, na tunajadili alivyoanza. Bado ananitazama kwa mashaka, na ana haki.

Mzazi mwenzangu, kama na wewe huwalisha wanao maneno kama yangu, waombe radhi leo hii, kabla hawajalala.