Chupa ya Kadutu na taa ya Ibanda



Watu wengi wanasema takataka ni mambo ya komini na umeme ni mambo ya kampuni ya taifa, kila mmoja na ofisi yake. Mimi naona kwamba hapa kwetu Bukavu mambo haya mawili ni jambo moja. Kama hatuyapangi pamoja, tutaendelea kusoma na mshumaa.

Tuangalie mvua ikinyesha Kadutu. Jioni, wamama wakimaliza kuuza, soko linabaki na maganda ya ndizi, majani, sashe nyeusi na chupa za plastiki. Pa kuweka ni wapi? Mferejini. Mvua ndiyo gari letu la takataka, tena halidai hata franga moja. Maji yanashuka kwa nguvu sababu mji wetu ni milima mitupu, yanaingia mto Kawa, na Kawa inamwaga yote ziwani. Mtu wa juu anaona mtaa wake umesafika, anashukuru.

Lakini ziwa Kivu liko na mlango mmoja tu wa kutokea, ni Ruzizi, na mlango ule uko hapa kwetu. Kwa hiyo kinachoelea kinakuja polepole upande wetu, kiwe kimetupwa Bukavu, Idjwi ao ngambo ingine. Kilometa chache chini ya mlango ule kuna Ruzizi I, mtambo uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mbele ya mashine kuna vyuma kama chujio vya kuzuia uchafu. Sashe na chupa zikijaa pale, maji hayapiti vizuri, turbini inakosa nguvu ao inasimamishwa. Wafanyakazi wanatoa uchafu ule kwa mikono, wengine wanazamia chini. Hapo ndipo chupa ya Kadutu inazima taa ya Ibanda. Na haiishi hapo: chini zaidi kuna Ruzizi II, ya 1989, inayogawanya umeme kwa Congo, Rwanda na Burundi. Hata jirani anakula uchafu wetu, na sisi wake.

Rafiki yangu mmoja wa darasa alinikatalia. Alisema delestaji inatoka kwa mitambo iliyozeeka na mji uliopita kipimo. Ana haki. Mashine zile za zamani hazikufanyiwa mji wa watu wanaohesabiwa kupita milioni moja, wengi wao waliokimbia vita vijijini tangu 1996. Lakini mashine mpya inaomba pesa nyingi sana, na kuzuia sashe kunaomba mpango tu. Mimi ningeanza na ile ya bei ndogo.

Mpango wa nani sasa? Tangu Februari 2025 mji wetu umepita katika mambo mazito, na siasa sitaiandika hapa. Mvua haiulizi ofisi gani iko na muhuri. Nasema tu yale yaliyo katika sheria za nchi. Sheria ya 2008 iliweka kukusanya na kuondoa takataka mikononi mwa komini. Sheria ya 2014 juu ya umeme iliondoa ule utawala wa kampuni moja peke yake. Amri ya mwisho wa 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza mifuko ile mwaka 2008, na kule watu waliizoea. Kwetu karatasi ilitoka lakini sashe ilibaki sokoni, kwa sababu hakuna aliyempangia mama muuzaji atafunga unga na nini.

Katika Nehemia sura ya 3 kuna jambo ambalo tunalisoma haraka haraka. Wengine walijenga ukuta mbele ya nyumba zao, vizuri. Lakini kulikuwa pia na lango la jaa, mlango wa kutolea takataka za Yerusalemu, na huo ulijengwa na mkubwa wa mtaa mmoja, jina lake Malkiya. Sijui kama wenzake walimcheka. Naona ni kazi hiyo hasa tunayokosa: salongo ya Jumamosi inafagia mbele ya nyumba, kisha kifungu kile kinabaki kando ya njia kungojea mvua, sababu lango halipo.

Tena, sehemu kubwa ya takataka za jikoni ni maganda, na maganda si uchafu. Tunachoma makala kila siku, na mengine yanatoka katika miti ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyolindwa tangu 1970. Hapa mjini kuna vijana wanaokausha takataka za namna ile na kuzikandamiza kuwa brikete za kuweka kwenye mbabula. Komini ingewapa uwanja karibu na soko, ingepunguza mzigo wa mfereji na wa pori siku moja.

Kwa shule yetu naomba jambo dogo. Mfereji ulio nyuma ya jiko unashuka ziwani, sisi wote tunaujua. Tuchimbe mashimo mawili, moja la maganda, moja la plastiki. Mwalimu wa biolojia amekubali kutuonyesha namna ya kugeuza maganda kuwa mbolea ya bustani. Wenye nia waje Jumamosi saa nane. Mwenye jembe kwao alilete, sababu hapa yako mawili tu.