Likasi: siku ya posho na saa za watoto

Wiki hii safari yetu ni ya Likasi. Kutoka Lubumbashi unashika njia ya taifa namba 1, ile inayokwenda Kolwezi. Baada ya kilomita karibu 120 unaona vilima, na kati ya vilima hivyo majengo ya usine ya Shituru. Mji uko na komuni nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Wageni wengi wanafika hapa kwa ajili ya shaba na kobalti. Sisi tumekuja na swali ambalo wamama wanaulizana kila mara katika vikundi vyetu: mtoto akitoka masomo, aende wapi ajifunze kitu kingine, na mama alipe na nini?

Tumechagua kutembea Jumamosi, na kuna sababu. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, Jumamosi inaitwa siku ya posho. Wakati wa Union Minière, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kugawia familia za wafanyakazi chakula cha wiki: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Posho imekwisha zamani, jina limebaki. Na hata leo Jumamosi ndiyo siku watoto wa Likasi wanakutana kwa korali, kwa mpira na kwa mikutano ya vijana.

Mji uliolelewa na kampuni

Wazee wanakumbuka jina la Jadotville. Mji ulipewa jina hilo mwaka wa 1931 kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni, na ukarudia jina la Likasi mwaka wa 1966. Usine ya Shituru ilianza kazi mwaka wa 1929. Wakati huohuo Union Minière ilibadilisha mpango wake: badala ya kuleta wanaume peke yao na kuwarudisha vijijini, ilitaka wakae miaka mingi pamoja na wake na watoto wao. Ndiyo maana katika kambi za wafanyakazi kulijengwa masomo, hospitali, viwanja vya mpira, na zile foye ambamo wamama walijifunza kushona, kupika na kulea watoto.

Tuseme vizuri: kampuni haikufanya hayo kwa upendo tu. Ilitaka mfanyakazi mtulivu, na mtoto ambaye kesho atakuwa mfanyakazi vilevile. Lakini kwa mama wa kambi, matokeo yalikuwa kwamba michezo ya mtoto haikuingia katika hesabu ya nyumba. Mpira, masomo na dawa, vyote vilikuja pamoja na kazi ya baba. Watu walisema ya kwamba kampuni ni baba na mama, na Gécamines, iliyorithi mali hiyo baada ya serikali kuichukua mwaka wa 1967, iliendelea hivyo kwa miaka mingi.

Kiisha baba huyo alichoka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, shaba ikapungua mwaka kwa mwaka, na mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na Likasi ni mmoja wa miji iliyoumizwa sana. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizi, na katika jina la kitabu chake aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Tangu siku hizo hesabu ya saa za mtoto imehamia sokoni, kwenye meza ya mama anayeuza makala, samaki na unga.

Nusu siku iliyo tupu

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure, na hiyo imepunguza mzigo. Lakini madarasa yamejaa, na masomo mengi yanagawa siku mara mbili: kundi la asubuhi na kundi la mchana. Kwa hiyo mtoto wako ana nusu siku nzima bila mwalimu, na wewe uko sokoni.

Nusu siku hiyo haikai tupu. Pembeni ya Likasi na upande wa Kambove kuna mahali pa kuchimba na kuosha mawe. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumtia katika kazi za hatari. Hata hivyo watoto wanaonekana huko. Tuseme na ukweli mwingine: mtoto anayekwenda kuosha mawe anarudi na franka, na mtoto anayekwenda korali anarudi na njaa. Kikundi cha michezo kisichofikiri juu ya chakula kitapoteza kwanza wale watoto wanaokihitaji zaidi.

Tunatembea

Tunaanza Kikula, komuni yenye watu wengi na yenye stade ambayo mji mzima unaijua. Hapa kila mtoto anajua jina la Panda B52, timu ya Likasi. Lakini mtoto hahitaji stade. Katika viwanja vya udongo kuna makundi ya vijana wenye mwalimu mmoja, filimbi moja na mipira miwili. Mahali pengi kama hapo mama haombwi pesa nyingi. Anaombwa mchango mdogo wa mwezi na viatu.

Wasichana wako wapi? Angalia kando ya uwanja: wanapiga makofi, wanaruka, wanatupa mguu mbele. Ni nzango. Wengi wetu tuliicheza na tukaisahau kama mchezo wa utoto. Leo nzango ina timu na waamuzi, na katika Michezo ya Afrika ya mwaka wa 2015, Brazzaville, ilionyeshwa mbele ya mataifa. Haihitaji mpira wala viatu. Inahitaji uwanja safi, wimbo, na mama mmoja wa kuhesabu pointi.

Tunapita parokia na makanisa. Korali za watoto, Kiro na Skauti wanakutana hapa, na mchango wao kwa kawaida ni mdogo. Kinachowashinda wamama ni unifomu, na mwisho wa mwaka safari ya kambi. Kwa unifomu kuna dawa rahisi: kitambaa kinunuliwe pamoja kwa kikundi, kishonwe na wamama wanaojua cherehani, na unifomu iliyombana mkubwa ipite kwa mdogo wa jirani.

Katikati ya mji ndipo bei inapanda. Hapa ni kompyuta, Kiingereza na muziki wa vyombo. Kiingereza kinatafutwa sana kwa sababu Zambia ni jirani na kampuni nyingi za migodi zinakitumia. Kabla ya kulipa miezi mitatu, omba mtoto ahudhurie siku moja. Hesabu kompyuta zinazowaka kweli, na uhesabu watoto. Kama watoto wanne wanaangalia skrini moja, bei ya saa moja unalipia robo saa.

Kwa vyombo vya muziki, tukumbuke wenzetu wa Kinshasa. Okestra ya Wakimbangu ilianza mwaka wa 1994 na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika violini. Violini zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Gitaa moja la kartie, kwa watoto sita na ratiba iliyoandikwa ukutani, linaweza kufanya kazi kuliko gitaa sita zilizolala chini ya vitanda.

Tunamalizia Panda na Shituru, katika nyumba za kambi. Hapa kuna mali ambayo haina bei sokoni: wazee. Mzee aliyekuwa fundi wa umeme, aliyechora plani, aliyefanya kazi katika maabara, aliyepiga tarumbeta katika fanfare. Wengi wao wako nyumbani mchana. Mmoja akikubali kufundisha watoto wanane saa mbili kila Jumamosi, mumpe heshima yake: chakula cha mchana, unga kidogo mwisho wa mwezi, na watoto wanaofika kwa saa. Msimwombe bure kabisa. Kazi ya bure inachosha haraka.

Hesabu ya kweli

Mama akiuliza bei, anauliza mchango tu. Lakini mchango si bei. Tufanye mfano, wewe utaweka namba za kwako. Mtoto anacheza mpira mara mbili kwa wiki, upande wa pili wa mji. Mchango wa mwezi ni franka 5,000. Takisi-basi ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, mara nane kwa mwezi: 16,000. Viatu vya 30,000 vinadumu miezi sita, maana yake 5,000 kwa mwezi. Kitu cha kula njiani, 1,000 mara nane: 8,000. Jumla ni franka 34,000, na takisi-basi peke yake imekula karibu nusu.

Sasa chukua uwanja anaofika kwa miguu: 16,000 inatoka. Mpe viazi vitamu na karanga kutoka nyumbani, tuseme 3,000 kwa mwezi: 5,000 nyingine inatoka. Unabaki na 13,000. Ni mtoto yuleyule na mpira uleule. Basi, mama, anza na umbali kabla ya kulilia bei.

Kwa miezi mitatu hiyo ni 39,000. Hapa likelemba inaingia. Wamama 12 wanatoa kila mmoja franka 3,500 kwa wiki, kwa ajili ya watoto tu. Kila wiki mmoja anapokea 42,000, na kwa wiki 12 wote wamepokea. Likelemba haikuongezei pesa; mwishoni umepokea kile ulichotoa. Inachofanya ni kuzikusanya mahali pamoja kabla hazijaisha sokoni kidogo kidogo. Wenye watoto wanaohitaji viatu au kitambaa mwanzoni wapokee kwanza, na mwalimu alipwe mwezi kwa mwezi, si yote kwa mara moja.

Mkiweza, ongezeni 500 kila mmoja katika sanduku ya msaada. Kwa wiki 12 inakuwa 72,000. Hiyo inabeba mtoto mmoja wa mama asiyeweza kutoa kitu, na 33,000 zinabaki kwa mipira, nyuzi au chakula. Jina la mtoto huyo lisisomwe mbele ya mkutano.

Mambo ambayo pesa haitatui

La kwanza ni saa za msichana. Mara nyingi hatumkatazi kwenda. Tunamtuma tu maji, kiisha vyombo, kiisha mtoto mdogo, mpaka jua linashuka. Kama kaka yake anatoka saa tisa, kazi za nyumba zigawiwe ili na yeye atoke saa tisa.

La pili ni usalama. Mtu kuimba vizuri au kujua Kiingereza si ushuhuda wa tabia. Ujue nyumba ya mwalimu. Mlango wa chumba ubaki wazi. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima, na mama mmoja wa kikundi akae pale kwa zamu, hata akichambua maharagwe yake.

La tatu ni kiburi chetu. Mtoto mmoja, kitu kimoja kwa wakati. Mtoto aliyeandikwa mahali patatu kwa sababu jirani amemwandika wake patatu atachoka, na mkoba wako utachoka mbele yake. Muulize anapenda nini, mpe miezi mitatu, kiisha muulize tena. Akisema anataka kupumzika, hajaharibu kitu.

Vakansi kubwa za Julai na Agosti ni wakati wa baridi na vumbi, lakini hakuna mvua, na viwanja viko wazi siku nzima. Msingoje zifike. Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, kila mama alete majibu ya mambo matatu: uwanja au chumba kipi kiko karibu na kwetu, nani katika kartie anajua kazi au sanaa, na mimi naweza kutoa saa gani kwa wiki. Mkiyaandika majibu ya wamama 12 kwenye karatasi moja, mtaona ya kwamba sehemu kubwa ya masomo ya watoto imeshapatikana kabla hata franka haijatoka.

Posho ya zamani ilipimwa kwa kilo. Hii ya kwetu tutaipima kwa saa: wiki hii mtoto wako alipata ngapi, na nani alikuwa naye?