Usiku wa Tunduma: Blanketi ndani, jiko nje

UKITOKA Mbeya kwa barabara ya Tanzam, ukapita Mbalizi, Mlowo na Vwawa, mashamba ya kahawa ya Mbozi yanakusindikiza pande zote. Ukikaribia Tunduma, kinachokusindikiza ni malori. Yamepangana pembeni ya barabara yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Tangu mwaka 2019 mpaka huu una kituo cha pamoja cha forodha, lakini foleni ikiwa ndefu, dereva na utingo wake hulala hapo hapo.

Mwezi Juni na Julai, jua likizama, Mkoa wa Songwe huonyesha sura yake nyingine. Upepo wa nyanda za juu unapenya makoti. Mama lishe wanajikunyata karibu na majiko yao, na chai ya tangawizi hainunuliwi kwa kiu tu. Ndani ya kabini simu inaita. Ni watoto wanaaga kulala.

"Shikamoo baba. Umelala wapi leo?"

"Marahaba. Nipo Tunduma, kuna baridi kweli."

Baada ya simu hiyo baba anabaki na uamuzi wa kufanya: atapataje joto hadi asubuhi?

Baadhi ya malori yana hita ya kulalia inayotumia dizeli. Hita hiyo huchoma mafuta ndani ya chumba chake kilichofungwa, moshi ukatoka nje kwa bomba, na feni ikapuliza hewa ya moto kabini. Dizeli inayotumika ni kidogo, lakini feni inakula betri usiku kucha. Wakati wa kuwaka ndipo hita huvuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo kuizima na kuiwasha kila mara hakuokoi chaji. Ni afadhali iachwe kwenye joto la wastani, huku redio, taa na chaja za simu zikizimwa. Betri iliyochoka ibadilishwe kabla ya safari, la sivyo asubuhi lori haliwaki na foleni inasogea bila yeye.

Kabla ya kulala, dereva akague bomba la moshi: lisiwe limezibwa na tope wala kupasuka. Anapoizima hita, asikate umeme papo hapo. Feni huendelea kuzunguka dakika chache ili kuipoza.

Wengi hawana hita hiyo. Kuna anayeacha injini ikinguruma usiku kucha, akichoma mafuta huku moshi wa lori lake na la jirani ukitafuta upenyo wa kuingia kabini. Na kuna anayeingiza jiko la mkaa ndani, akapandisha vioo. Huyu ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyekwisha kulala anaweza asiamke kabisa. Mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu sumu bado ipo. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Hatari hiyo haipo kwenye foleni peke yake. Ipo pia Vwawa, Ileje na Mbeya, katika chumba ambacho mama ameingiza jiko ili kichanga chake kisipate baridi. Kwa mapenzi hayo hayo, chumba kizima kinaweza kulala moja kwa moja.

Jiko libaki nje. Mtoto avalishwe soksi na kofia. Kitanda kipashwe moto kwa chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, kisha iondolewe kabla mtoto hajalazwa. Dereva naye abebe blanketi la pili na sweta zito.

Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua milango, mtoe nje haraka na umpeleke hospitali hata kama amezinduka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na usiku wa leo, baba akipiga simu kutoka mpakani, msimuulize tu kama amekula. Mwulizeni pia jiko liko wapi. Naye awaulize ninyi swali hilo hilo.