Msamaria Alisema Atarudi



Leo sina mahubiri ya moto. Nina jambo la kutubu, na ninatubu mbele yenu kwa sababu wengi wenu mlikuwepo.

Mnakumbuka ile Jumapili tulipomwombea binti yetu aliyekuwa anaingia chuo kikuu? Mama yake ni muuza omena, amemlea peke yake. Tulimwita mbele, tukamwekea mikono, tukafanya harambee. Kufikia mwisho wa ibada tulikuwa na shilingi 62,000. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nikatangaza mimbarini kwamba mlango umefunguka. Tukasema amina, tukaenda nyumbani kula.

Machi iliyofuata nilishuka Dunga asubuhi kumwona mgonjwa. Pale ufuoni, kati ya wanawake waliokuwa wakianika omena, nikamwona binti yetu. Nilidhani chuo kimefungwa.

"Nyathina, mko likizo?"

Akainamisha kichwa. "Hapana, Pasta. Sikuweza kujisajili muhula wa pili. Nilibaki na deni la elfu tisa."

Elfu tisa, wapendwa. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Jibu lake limekaa nami hadi leo: "Pasta, mlishanisaidia. Ningesimamaje tena mbele ya watu walewale?"

Nilirudi kwenye gari nikakaa bila kuliwasha. Nilijua elfu tisa hazikutushinda. Jumapili moja tu tungezipata. Kilichotushinda ni kuuliza. Tangu siku ile ya vigelegele, sikuwa nimempigia simu hata mara moja.

Watu wengi hudhani mtoto akishapata mkopo wa HELB, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika bendi kulingana na hali ya nyumbani: sehemu ya karo ni ufadhili wa serikali, sehemu ni mkopo, na sehemu inabaki kwa familia. Katika mpango huo wa bendi, hata familia maskini kabisa, zile za bendi ya kwanza, ziliachiwa asilimia 5. Kwa mwenye mshahara hiyo ni kidogo. Kwa mama anayengoja mashua zirudi ndipo ajue watoto watakula nini, ni mlima. Tena pesa za kujikimu zikichelewa, mwenye nyumba hangoji, na tumbo halingoji.

Sasa fungua Luka 10 pamoja nami. Yule Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni. Sisi tungeishia hapo, tupige na picha. Lakini soma mstari wa 35. Kesho yake alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, kisha akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa atakaporudi. Majeruhi hakuambiwa amtafute Msamaria akipungukiwa. Msamaria mwenyewe ndiye aliyesema atarudi.

Hapo ndipo Roho wa Bwana alinishika. Tulimwachia msichana wa miaka kumi na tisa kazi ya kututafuta sisi, na aibu ikamfunga mdomo.

Watu wa ziwa hili tulipaswa kulijua hili mapema. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alikuwa mstari wa mbele kupeleka vijana wetu kusoma Marekani. Ndege ya kwanza, mwaka 1959, ilibeba wanafunzi 81. Huku nyumbani watu walichanga walichokuwa nacho. Lakini nauli ya ndege haikuwa chakula cha miaka minne. Walipofika kule bado walihitaji karo, koti la baridi na mahali pa kulala, na ilibidi marafiki waendelee kutafuta pesa baada ya ndege kutua. Kumfikisha mtoto ni kazi moja. Kumfanya abaki hadi amalize ni kazi nyingine.

Basi wazee wa kanisa na mimi tumekubaliana hivi. Kila mwanafunzi wetu aliye chuoni atakuwa na familia moja inayomlea. Familia hiyo itampigia simu kabla ya usajili wa kila muhula na kabla ya mitihani, na itauliza waziwazi: umebakisha deni gani? Umekula? Umeomba mkopo wa mwaka huu? Kwa maana mkopo huombwa upya kila mwaka, na wapo wanaousahau. Anayeona amewekwa bendi isiyolingana na hali ya kwao, tutakaa naye tuandike rufaa. Fomu za basari za NG-CDF na za kaunti nitazitia sahihi, lakini sasa nitauliza pia zimefikia wapi. Na sadaka ya Jumapili ya tatu itakuwa ya muhula wa pili. Mweka hazina atailipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na hakuna jina litakalosomwa mimbarini.

Binti yetu amerudi darasani. Wenzake aliofika nao wako mbele mwaka mzima, na mwaka huo mimi siwezi kumrudishia. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alisema tu, "Erokamano, Pasta," akaendelea kupepeta omena.

Kabla hujaandika amina hapo chini, fikiria mtoto mmoja uliyemchangia akienda chuo. Mpigie leo. Usingoje akutafute.

Baba, tusamehe kwa wale tuliowafikisha mlangoni tukawaacha. Tupe moyo wa kurudi. Katika jina la Yesu, amina.