Safari Yetu ya Mont Hoyo

Wengi wenu mmetuuliza katika kiwanja: "Ninyi wakubwa, ile Mont Hoyo yenu iliishia wapi?" Wengine wanauliza kwa kutucheka. Basi tumeomba nafasi katika gazeti letu tuwaelezee toka mwanzo, kwa sababu habari zinazotembea katika internati si zote za kweli.

Jambo lilianzia katika somo la jeografia, mwezi wa pili 2025, wakati tulikuwa mwaka wa tatu. Mwalimu alikuwa anafundisha jiwe la chokaa. Alisema maji ya mvua ikipita katika udongo inachukua gazi karbonike, inakuwa na ukali kidogo kama ndimu iliyotiwa maji mengi, na ukali ule unakula jiwe polepole, miaka elfu na elfu, mpaka mlima unakuwa na matundu ndani kama mukate. Kisha matone yanayoanguka kutoka juu yanaacha chokaa yao, na ile chokaa inajenga mawe yanayoning'inia kama maziwa ya mbuzi. Halafu akafunga kitabu, akasema: "Na vitu hivi haviko Ulaya tu. Viko hapa kwetu Ituri, katika teritware ya Irumu."

Tukanyamaza. Sisi tunajua milima ya Alpes, urefu wake tumeushika kwa kichwa. Lakini Mont Hoyo, ambayo iko kusini ya Komanda, hakuna hata mmoja kati yetu aliyeiona kwa macho. Hivi ndivyo tulivyofikiri siku ile. Tulikosea, mtaona mbele.

Tukanunua kaye moja ya kurasa mia, tukaanza kuandika. Kwanza habari za mahali. Watu wanasema "parke ya Mont Hoyo", lakini si parke ya taifa kama Virunga (1925) ao Garamba (1938). Ni hifadhi ndogo, na mlima wenyewe si mrefu, karibu metre 1.450 tu. Mali yake iko ndani. Kuna mapango mengi, na kuna maporomoko ya maji yanayoshuka kwa vipandio, Wazungu waliyaita Ngazi za Venus. Zamani palikuwa na nyumba ya wageni, na watu walitoka mbali na magari yao kuja kuona. Moja ya mapango linaitwa Matupi. Mwaka 1973 na 1974 bwana Francis Van Noten, mtaalamu wa Ubelgiji, alichimba pale, akakuta vyombo vidogo-vidogo vya mawe. Vile vya chini kabisa viko na zaidi ya miaka 40.000. Alikuta pia mifupa ya nyama za mbuga, ndipo akajua kwamba wakati ule kulikuwa na nyasi nyingi karibu na pango, si pori nene kama tunavyolijua. Mwenzetu mmoja alisema: "Kumbe watu walikuwa wanapika hapa mbele Farao hajazaliwa!" Tuliandika neno hilo pia, ijapokuwa katibu alikataa.

Kisha hesabu. Tulikuwa 28, pamoja na walimu wawili 30. Siku tatu. Mchele kilo 40, maharagi kilo 15, makayabu, chumvi, mafuta ya ngazi bido moja, sabuni. Wasichana walisema kilo 40 haitoshi, wavulana wanakula sana. Wavulana walisema inatosha kama wasichana hawatagawa. Jambo hili lilichukua mikutano miwili, tunaona haya kusema. Tulitia pia biskuti na pesa za mpiga picha. Kila mmoja alitoa franka 10.000, na kasha ikawekwa kwa mwenzetu msichana ambaye hata kalamu yake hakopeshi mtu.

Kazi ya tatu ilikuwa kamyo. Dereva mmoja wa soko alitusikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akajibu: "Mpaka Komanda, ndiyo. Kupita Komanda, mimi siendi. Hata mukinipa kamyo yenyewe." Tulijua sababu. Ile njia ya Komanda kwenda Luna na Beni, tangu mwaka 2021 magari imechomwa na watu wameuawa pale, hata magari iliyotembea kwa msafara na askari. Ni mwaka ule ule, tarehe 6 mei, ndipo utawala wa jeshi uliwekwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tulijua, lakini tulisema: tutaenda mwezi wa saba, nyuma ya mitihani, labda njia itakuwa imetulia.

Sasa tulikuwa tunachora karta kwenye ubao. Mwenzetu mmoja wa benchi ya nyuma, mtu asiyesema sana, alisimama, akatwaa chaki, akafuta mstari wetu. "Hapa hakuna njia. Inapita upande huu, na hapa kuna kilalo." Tukamwuliza alijua namna gani. Akajibu kwamba alizaliwa kule, na baba yake alikuwa anaongoza wageni katika mapango, mbele hawajakimbia. Tangu mwezi wa pili alikuwa anatusikiliza tukisema hakuna mmoja kati yetu aliyeona Mont Hoyo, na hakuna aliyemwuliza.

Siku ya posho tulienda wanne kumwona baba yake, katika kambi ya wakimbizi, hapa hapa Bunia. Anauza makala. Alitukaribisha, akaomba tumsomee kaye. Tulisoma yote. Alikuwa anatikisa kichwa na kusema: kila watu watatu taa moja, na nyingine katika mfuko bila kuwashwa. Musipige kelele, popo wataamka. Musishike mawe yanayoning'inia, jasho la mkono linayaharibu. Na mbele ya yote musalimie wazee wa Bambuti, pori ni nyumba yao. Mwisho akauliza: "Na kiongozi mumemwandikia ngapi?"

Tukatazamana. Biskuti tuliandika. Kiongozi hatukuandika.

Tulimwambia: "Baba, tutarekebisha. Utatuongoza wewe." Akakaa kimya, kisha akasema: "Wanangu, mimi sitapeleka watoto za watu kule sasa. Nyumba yangu iko kule, na mimi mwenyewe siendi."

Tuliporudi kulikuwa na fujo. Wengine walisema mzee ni mwoga, na maneno haya yalisemwa mbele ya mtoto wake. Tunayaandika kwa sababu ni sisi tuliyasema. Bwana Prefe naye akakataa kutia sahihi, tukamnung'unikia pia. Katika mwezi wa sita watu tisa waliomba pesa zao zirudishwe, wengine kwa hasira, wengine kwa sababu ya minervale, na mtunza kasha aliwalipa bila neno.

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 julai 2025, waasi wa ADF waliingia Komanda, wakaua makumi ya watu, wengi wao waumini waliokuwa wanakesha katika kanisa la wakatoliki. Kamyo yetu ingelala Komanda.

Masomo yalipoanza tena tulienda wote kwa yule baba, si wanne tu. Tulipeleka sukari, sabuni na mchele kutoka kasha. Aliyemwita mwoga alisema mwenyewe, hatukumsukuma. Mzee alicheka kidogo, akauliza kama kaye iko. Ilikuwako. Akasema tuongeze mstari: kiongozi wa mapango, siku tatu. Tukamwuliza bei. Akajibu kwamba bei mutazungumza kule.

Kaye iko kwa mtunza kasha, pamoja na franka zilizobaki. Sisi tunangoja Exetat. Anayetaka kuisoma amwombe, lakini aje na mikono safi.