Kipimo cha Herufi

Herufi ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa dhamana. Nalijifunza neno hili katika ofisi moja ya mikopo, si kwa kitabu bali kwa aibu.

Nalikabidhiwa kazi ya kuchapisha taarifa za madeni kutoka katika kompyuta ya AS/400, mashine ya ukubwa wa kati iliyotolewa na IBM mwaka 1988. Taarifa zake zilifuata desturi ya kale: herufi 132 katika mstari, mistari 66 katika ukurasa. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka katika mitambo kama IBM 1403 ya mwaka 1959, iliyoweza kuchapa hadi herufi 132 kwa mstari juu ya karatasi pana zilizoungana.

Ofisi iliacha karatasi pana, ikachukua A4. Nikailaza karatasi, upana wake ukawa inchi 11.69. Lakini kwa herufi 10 katika inchi, mstari ulitaka inchi 13.2. Ziada ikakatwa, na pamoja nayo safu ya mwisho: deni lililobaki. Mzee wetu wa hesabu alitazama, akacheka. "Mwanangu, leo wadaiwa wote wamesamehewa?"

Nilitahayari. Nikaisimamisha karatasi, nikaibana chapa hata herufi 16.7 zikaingia katika inchi moja. Mstari ukawa inchi 7.9 katika upana wa inchi 8.27, mistari 66, kwa mistari 6 katika inchi, ikachukua inchi 11. Kila kitu kilienea. Nikajisifu, kwani nalidhani kuenea ndiko kusomeka.

Tangu siku ile mzee alisomea dirishani, akiinua na kushusha miwani. Shilingi 38,000 za mkopaji mmoja akaziona 88,000, na barua ya madai ikaenda hivyo. Mtu yule alikuja na stakabadhi zake zimefungwa katika leso. Hakufoka. Alizipanga mezani moja moja, akauliza, "Nimelipa kila mwezi, hili deni jipya nilikopa lini?" Mzee akalaumiwa mbele yangu kwa sababu ya macho yake. Nilinyamaza dakika nzima kabla sijasema kwamba kosa lilikuwa langu. Dakika ile sijaisahau.

Jioni nikailaza tena karatasi. Kwa herufi 12 katika inchi, mstari ulitaka inchi 11 kamili, ukatosha. Kimo ndicho kilichosumbua: mistari 66, hata kwa mistari 8 katika inchi, ilitaka inchi 8.25 kati ya 8.27, pasipo ukingo. Nikaipunguza ikawa 56, ikachukua inchi 7, nikaiagiza programu ifungue ukurasa mpya mapema ili jumla zisikatwe. Karatasi ziliongezeka, lawama zikapungua.

Tangu hapo, kila nipangapo taarifa, humpa ukurasa wa kwanza mtu mwenye macho hafifu kuliko yangu, nikamwomba asome kwa sauti. Akisita, hurudi kazini. Karatasi haiumii kwa kuongezwa. Mtu huumia kwa tarakimu moja.