Breki za Bei ya Chini

Nilikuwa nikitoka Butiama kuelekea Makutano, nimepakia wanafunzi watatu, ng'ombe walipoingia barabarani ghafla. Nilikanyaga breki; usukani ukatetemeka, chuma kikasaga chuma. Tulisimama hatua chache tu kabla ya ng'ombe wa mwisho.

Kwa mwendo wa pole tulifika Bunda. Fundi alifungua gurudumu la mbele, akafuta kutu ukingoni mwa diski na kunionyesha maandishi ya kiwandani: unene wa chini kabisa, milimita 24. Akapima. Ilikuwa 22. "Hii haikerezwi tena, Mwalimu. Na usibadilishe moja. Badilisha zote mbili za mbele, pamoja na pedi."

Nikaliacha gari, nikafuata spea Musoma. Dukani niliwekewa maboksi mawili ya pedi, yenye nembo ileile na rangi ileile, bei ya moja ikiwa theluthi ya nyingine. Shahada yangu ya uzamivu haikunisaidia kuyatofautisha. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu 1963, lakini pale kaunta nilitegemea mnong'ono wa muuzaji: "Orijino ni hii, mzee."

Nilinunua ghali kwa sababu mshahara uliruhusu. Dereva wa haisi aliyesimama kando yangu alichukua za bei ya chini. Alidai tajiri wake hamrudishii zaidi ya hapo.

Jua lilikuwa linazama. Gari la Bunda lililokuwa limebaki stendi ni lake. Nikapanda, nikiwa nimepakata diski zangu mpya.